Meli ikifunga Laem Chabang: mahekalu na soko la Bangkok kwa siku moja

Swali: Mimi na mama yangu tunatoka Tanga. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tutapanda meli ya kitalii Singapore, nayo itafunga gati Laem Chabang, Thailand, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Abiria wote wawe ndani saa kumi na moja na nusu. Ziara ya mahekalu na masoko ya Bangkok inayouzwa na meli ni ghali, kwa hiyo nimeandika orodha yangu: Kasri la Kifalme, mahekalu ya Wat Pho, Wat Arun na Wat Traimit, soko la maua na soko linaloelea la Damnoen Saduak. Tunaweza kuchukua teksi bandarini tukajiendea wenyewe? Na sisi ni Waislamu: tutaruhusiwa kuingia mahekaluni na hijabu? Tutakula nini?

Jibu:

Mfikishie mama shikamoo. Maswali yako mawili ya mwisho ni mepesi: mtaingia na hijabu zenu, na chakula mtapata. Gumu ni lile la teksi, na orodha yako lazima ikatwe kabla hamjapanda meli, si mkiwa tayari garini.

Matangazo ya safari huandika "Bangkok", lakini bandari yenyewe iko mkoa wa Chonburi, kiasi cha kilomita 120 hadi 130 kutoka mjini. Ni bandari ya makontena, kwa hiyo hutoki getini kwa miguu ukakuta mtaa. Barabara namba 7 ni nzuri, ya kulipia, na gari huenda vizuri mpaka linapokaribia mji. Hapo foleni ndiyo inayoamua. Hesabu saa mbili na robo kwenda, na saa mbili na nusu kurudi, kwa sababu kuanzia saa tisa alasiri magari yanayotoka mjini huanza kubanana. Ikiwa ni Ijumaa, au mvua ya Septemba na Oktoba imeshika, ongeza nusu saa.

Sasa hesabu kinyumenyume, kuanzia ngazi ya meli. Mnatakiwa ndani saa kumi na moja na nusu. Jiwekee kufika bandarini saa kumi na nusu, ili saa moja nzima ibaki ya pancha, ajali barabarani au mvua. Kwa hiyo Bangkok mnaiaga saa nane kamili mchana, na hapo hakuna mjadala. Asubuhi nako, meli kufunga saa moja haina maana mnashuka saa moja: maofisa wa uhamiaji hupanda kwanza, kisha wenye ziara za meli hutangulizwa. Mkiondoka saa mbili kasorobo mmewahi, na mjini mtafika saa nne. Kati ya nne na nane kuna saa nne tu, na ndani yake mna chakula, choo, na kumpumzisha bimkubwa. Hapo yanaingia mahekalu mawili na soko moja.

Damnoen Saduak lifute leo hii. Liko mkoa wa Ratchaburi, upande wa pili wa Bangkok, karibu kilomita 100 zaidi, na uhai wake ni wa asubuhi. Anayetoka Laem Chabang huwahi kukuta mitumbwi inafungwa. Wat Traimit, lenye sanamu ya dhahabu ya tani 5.5, ni zuri, lakini liko nje kidogo ya njia yenu na lina ngazi za kupanda.

Kabla ya usafiri, neno moja kuhusu saa, maana hili huwaangusha watu makini. Singapore iko mbele ya Thailand kwa saa moja, na meli nyingine hazibadilishi saa zao njiani. Kama meli yenu itabaki na saa za Singapore, "17:30" ya kwenye ratiba ni 16:30 ya dereva wa Bangkok, na simu yako itajirekebisha yenyewe bila kukuambia. Usiku wa kuamkia siku hiyo, uliza mapokezi: saa ya meli na saa ya nchi ni moja? Na ukipatana na dereva, mwandikie saa kwenye karatasi kwa tarakimu za saa 24: 14:00. Sisi tunahesabu saa kwa namna yetu, na Wathai nao wana mfumo wao wa kienyeji unaoigawa siku mafungu ya saa sita sita. Mdomo kwa mdomo mtapishana.

Njia za kwenda ni tatu. Ya kwanza ni ziara kamili ya meli, yenye mwongozaji na chakula. Ni ghali kweli, lakini ukichelewa ukiwa ndani ya basi lao, meli husubiri au wao hubeba gharama ya kukufikisha. Ya pili watu wengi hawaioni kwa sababu imeandikwa chini kabisa ya orodha: basi la usafiri tu. Linawapeleka hadi katikati ya Bangkok, mara nyingi kwenye duka kubwa kama CentralWorld, linawaacha, kisha linawarudisha kwa saa iliyopangwa. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ziara kamili, na kwa kuwa limeuzwa na meli, dhamana ya kusubiriwa kwa kawaida inabaki, ila ithibitishe kwenye masharti. Ya tatu ni gari la kukodi, lililolipiwa mapema kwa kampuni yenye anwani na mkataba, au lile mnalolikuta mezani bandarini.

Kwa hali yenu, chukueni ya pili. Sababu ni pasipoti zenu kuliko hata fedha. Abiria mwenye pasipoti ya Ulaya akiachwa na meli, hununua tiketi ya ndege akaifuata bandari inayofuata. Hasara yake ni fedha. Pasipoti ya Tanzania inaweza kudai viza Thailand, na viza nyingine huko meli iendako, na kushuka kwa saa chache chini ya mwavuli wa meli si sawa na kubaki nchini. Pamoja na mama mwenye miaka 68, huo si mchezo wa kuucheza kwa ajili ya kuokoa dola. Kama basi hilo halipo, tafuteni abiria wengine wanne mshirikiane basi dogo la kukodi, na mkataba uandike yote: bei ni ya gari zima wala si ya kichwa, mafuta, ushuru wa barabara na maegesho vimo, gari linawasubiri, na salio analipwa mkishafika tena gatini. Dereva aliyekwisha kulipwa yote asubuhi hana sababu ya kuwahi. Teksi ya kuokoteza kwa safari ya kwenda tu, huku mkitarajia kupata nyingine ya kurudi, hapana.

Basi likiwashusha CentralWorld, kumbukeni limekula muda: mnaweza kujikuta hapo saa nne na nusu, na miadi ya kurudi ni saa nane au nane na nusu. Teksi hadi Wat Pho ni nusu saa hadi dakika arobaini na tano; dai mita iwashwe, inaanzia baht 35 hivi (baht ni fedha ya Thailand), na akikataa shukeni mtafute nyingine. Mama akiweza kutembea kidogo, treni haina foleni: BTS, treni ya juu, kutoka kituo cha Siam hadi Sala Daeng, hapo mnahamia MRT, treni ya chini ya ardhi, kituo cha Silom, mnashuka Sanam Chai, kituo cha tano. Vituo vya MRT vina lifti. Kutoka Sanam Chai hadi geti la Wat Pho ni mwendo mfupi wa miguu.

Kasri la Kifalme ningeliacha. Ni maarufu kuliko yote, kiingilio ni baht 500, lakini uwanja wake ni mpana, kivuli ni haba, na umati wa saa tano asubuhi unasukumana. Mtu wa magoti atatoka humo amechoka kabla hajaona kingine. Wat Pho liko ukuta kwa ukuta na kasri, kiingilio ni baht 300, na lina mengi zaidi ya kumtuliza mtu. Ingieni kwa mlango wa barabara ya Thai Wang. Jengo la Budha aliyelala liko hapo karibu. Sanamu hiyo ina urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, na imebanwa ndani ya nyumba kiasi kwamba huioni yote mara moja: unaiona bega, unaiona mkono, mwisho unafika kwenye nyayo. Wengi hupiga picha ya uso wakatoka mbio. Nyayo ndizo za kusimamia. Zimechorwa alama 108 kwa lulumizi (ganda la chaza linalong'aa), kazi ya mkono ya vipande vidogo vidogo. Viatu huvuliwa mlangoni na kubebwa kwenye mfuko, kwa hiyo vaeni ndara au viatu visivyo na kamba, na mama awe na soksi, kwa sababu sakafu ya mawe nje huchoma kama kikaango ifikapo adhuhuri. Ndani ya jengo, mkoba uwe mbele ya kifua. Wezi wa mifukoni wanajua kwamba pale kila mtu anatazama juu.

Mlio wa chuma mtakaousikia upande wa mgongoni mwa sanamu ni sarafu. Kuna bakuli 108 za shaba, na watu hununua sarafu ndogo ndogo wakaziangusha moja moja kutafuta baraka. Hilo ni tendo la ibada. Kupita tu bila kuangusha kitu si kosa.

Eneo lote la hekalu lina sanamu za Budha zaidi ya elfu moja na maandishi ya mawe yaliyowekwa na mfalme Rama III, yakiwemo ya tiba na uchuaji, ambayo UNESCO imeyaingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Ndiyo maana shule ya uchuaji wa Kithai iko humo humo. Nusu saa ya kuchuliwa miguu, mkiwa mmekaa kwenye feni, itamfaa mama kuliko hekalu la tatu. Aseme mapema kuhusu magoti, na aonyeshe kwa kidole, kwa sababu mikono yao haina huruma.

Wat Arun liko ng'ambo ya mto, na kulifikia ni pantoni ndogo kutoka gati la Tha Tien, nauli baht 5, dakika chache tu. Kiingilio ni baht 200. Tazameni kwanza ukuta wa mnara: umepambwa kwa vipande vya sahani na vikombe vya kauri ya Kichina vilivyopangwa viwe maua. Mtu wa pwani yetu hatashangaa sana. Wazee wa Kaole, Gedi na Mambrui nao walipachika bakuli za Kichina kwenye makaburi na misikiti yao. Bahari ni ile ile, na vyombo vilikuja kwa majahazi ya pande zote mbili. Ngazi za mnara ni kali mno. Wewe panda hadi ghorofa inayoruhusiwa; mama abaki chini kwenye benchi za upande wa mto. Kama saa sita na robo imepita na hamjavuka, msivuke. Utaiona Wat Arun yote ukiwa upande wa Tha Tien, bure.

Mavazi: magoti na mabega yafunikwe, nguo isibane wala isiwe ya kuonyesha ndani. Mwenye buibui au dera na mtandio amekwisha kutimiza sharti. Waislamu wa Malaysia na wa kusini mwa Thailand yenyewe huingia hivyo kila siku. Kofia na miwani ya jua huvuliwa ndani. Bebeni kanga moja ya ziada hata hivyo, itawafaa kukalia na kujifutia jasho.

Hakuna atakayewauliza dini, wala kuwataka mpige magoti. Kuvua viatu, kushusha sauti, kutokanyaga kizingiti (unakivuka), kutoelekeza nyayo kwenye sanamu mnapokaa chini: hizo ni adabu za ugenini. Kuwasha udi, kubandika karatasi ya dhahabu, kunyunyiziwa maji na mtawa, kufungwa uzi mkononi ni ibada, na kuzikataa ni rahisi: kunja viganja kifuani, tabasamu, sogea. Mwanamke hamgusi mtawa, hata kwa bahati mbaya. Kwenye pantoni msikae kando yake, na mkitaka kumpitishia kitu kiwekeni chini akiokote. Kama kuingia kwenyewe kunafaa kwa imani yenu, hilo ni la sheikh wenu, na heri mumuulize mkiwa nyumbani kuliko mlangoni.

Njiani kati ya kituo cha Sanam Chai na Wat Pho, akitokea bwana nadhifu, pengine na kitambulisho shingoni, akasema hekalu limefungwa leo hadi saa saba kwa sababu ya sherehe, na kwamba bajaji itawazungusha kwa baht 20, jibuni kwa miguu: endeleeni kutembea. Bajaji ya baht 20 inaishia kwenye duka la vito au la fundi cherehani, ambako dereva analipwa kwa kuwaleta. Geti la hekalu ndilo linalosema kama limefungwa.

Soko. Chukueni la maua, Pak Khlong Talat, kwa sababu liko jirani, halina kiingilio, na halifungwi usiku wala mchana. Pilikapilika zake kubwa ni usiku hadi alfajiri. Mchana biashara imepoa, na kwa mama hiyo ni faida, vijia vinapitika. Mtakuta magunia ya maua ya njano, mafungu ya yungiyungi ambazo hazijafunguka, na wanawake wakitunga asmini kwenye sindano ndefu. Mtu aliyewahi kusuka kikuba atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko alivyopanga. Kamba hizo huitwa phuang malai. Asmini ndiyo mwili wake, waridi na maua mengine ni pambo. Msizinuse. Nyingi zinakwenda kutolewa mbele ya Budha, na ua lililokwisha kunuswa huonekana limetumika. Mkinunua ya kwenu, nuseni mpendavyo, lakini meli nyingi haziruhusu maua mabichi, matunda wala chakula cha nje kupandishwa, kwa hiyo kamba hiyo maisha yake ni ya garini. Matunda vilevile: shokishoki, na mangostini wakati wa msimu, yaliwe palepale. Doriani haipiti hata mlango wa teksi.

Kama unataka vitambaa, Phahurat iko mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, mtaa wa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na unashikana na uchochoro wa Sampeng wa bidhaa za jumla. Anayeijua Kariakoo hatapotea. Kosa la wageni ni kusoma bei ya kwenye kibao wakadhani ni ya kimoja: mara nyingi ni ya dazeni au pakiti, na anayetaka kimoja huambiwa bei nyingine au haangaliwi kabisa. Tumia kikokotoo cha simu kuandika bei. Siku hiyo haitoshi kwa Phahurat na soko la maua yote mawili; mmoja wenu achague.

Chakula cha mtaani kinahitaji macho. Tatizo si nyama ya nguruwe inayoonekana tu. Mafuta yake hutumika kukaangia hata mboga. Tafuteni neno حلال kwenye kibao, au alama ya halali ya baraza la Kiislamu la Thailand, ambayo hata vyakula vya pakiti vya maduka ya 7-Eleven huwa nayo. Phahurat kuna migahawa ya Kihindi ya mboga tupu. Bendera ndogo ya njano yenye herufi nyekundu ni ya chakula kiitwacho "je", kisicho na nyama wala mayai. Kwa mdomo, "mai ao mu" ni "sitaki nguruwe". Mama akiwa na sukari au presha, msitegemee saa ya kula ya mjini. Bebeni tende na maji.

Sasa, kama asubuhi hiyo magoti yatagoma, msilazimishe Bangkok. Kusini mwa bandari, saa moja au pungufu, kuna mlima wa Khao Chi Chan, ambao ubavu wake umechongwa mchoro wa Budha wa mita 109 uliojazwa dhahabu mwaka 1996, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa mfalme Bhumibol. Gari linasimama mbele yake, hakuna ngazi. Karibu yake ni Wat Yansangwararam, hekalu kubwa lenye bustani, ziwa na umati mdogo. Kurudi, pitieni soko la samaki la Lan Pho, Naklua: mnachagua kamba, kaa au samaki akiwa mzima, kisha kibanda cha jirani kinawachomea kwa malipo kidogo ya kilo. Mwambieni achome bila mchuzi, na chumvi na ndimu mtie wenyewe. Mtakuwa mezani melini saa tisa. Kwa njia hii gari la kukodi linatosha bila wasiwasi, maana kutoka Naklua hadi gatini hakufiki saa moja.

Makaratasi yashughulikieni sasa. Iandikieni kampuni ya meli muulize kama Mtanzania anayeshuka kwa siku moja Laem Chabang anahitaji viza, na mjibiwe kwa maandishi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkibebe chenyewe. Thailand hukidai kwa wanaotoka nchi zetu. Fomu ya kuingia iitwayo TDAC, iliyoanza 1 Mei 2025, hujazwa mtandaoni bure. Ulizeni kama meli inawajazia, na tovuti inayodai malipo si ya serikali. Shilingi haibadilishwi huko. Bebeni dola mpya zisizokunjika wala kuandikwa, mbadilishe mjini badala ya gatini, na noti ya baht ikidondoka isikanyagwe kuizuia isipeperuke: ina picha ya mfalme.

Siku ya kushuka, kila mmoja awe na kadi yake ya meli, nakala ya pasipoti, dawa za siku mbili, na karatasi yenye namba ya wakala wa meli bandarini, ambayo huchapwa kwenye ratiba ya siku mnayoletewa chumbani. Mkiona saa tisa imefika na gari bado liko ndani ya Bangkok, pigeni hapo hapo. Wakala akijua mapema mko wapi anaweza kuzungumza na meli, na ikishindikana atajua pasipoti zenu ziteremshwe na ziachwe wapi.